Pete na Fimbo: Mjadala juu ya Antena ya Gari

Gari lolote lenye redio ya kusema na kujibiwa, liwe la polisi, la teksi au la walinzi, aghalabu huonekana limesimamishiwa fimbo moja juu ya paa au juu ya buti, na macho yetu yamekwisha kuizoea fimbo hiyo hata tukadhani kwamba antena ya gari haina umbo jingine. Walakini katika Marekani wako watu wa redio za ridhaa, yaani wale waliotahiniwa na kupewa leseni ya kurusha mawimbi kwa mapenzi ya elimu pasipo ujira, ambao juu ya magari yao hupachika, badala ya fimbo, pete ya aluminiamu yenye upana wa sentimita 33 hivi, isiyokutana ncha zake, iliyolazwa bapa juu ya mlingoti mfupi. Mpita njia asiyejua huuliza hiki ni kitu gani. Ajuaye huuliza swali zito zaidi, nalo ni kwa nini mtu aiache fimbo iliyo nyembamba, rahisi na ya bei nafuu, akajitwika chuma kinachotetemeka kwa upepo wa barabarani.

Swali hilo lina wenyewe, na wenyewe hawaafikiani. Ili hoja zipimwe pasipo kutazama sura za wasemaji, nimewaketisha barazani watu wanne niwaitao kwa shughuli zao: Mwenye Gari, mzaliwa wa pwani yetu aliyelowea Columbus katika jimbo la Ohio, ambaye amefaulu mtihani wa daraja la Technician, wenye maswali 35, na kwa hiyo ana ruhusa ya masafa yote ya ridhaa kuanzia megahezi 50 kwenda juu; Fundi, mtu mzima aliyetumia umri wake akifunga redio katika magari ya watu; Mwindaji, aitwaye hivyo kwa kuwa starehe yake ni kuwinda vituo vya mbali vinavyosikika kwa taabu; na Mhandisi, bibi wa hesabu na vipimo, asiyependa maneno marefu ya wengine ijapokuwa yake mwenyewe hayaoni tabu kurefuka.

MWENYE GARI: Haja yangu ni fupi, jamaa zangu. Nataka nikiwa barabarani niseme na watu walio mbali, si wa mtaani kwangu tu, kwa ile sauti ya ukanda mmoja iitwayo SSB, katika masafa ya mawimbi yenye urefu wa mita 2, na Mungu akijalia ya mita 6 pia. Gari ni moja, paa ni moja, na nyumbani nimekwisha kuambiwa kwamba msitu wa vyuma juu ya gari hautakiwi. Niambieni nichukue nini.

FUNDI: Chukua fimbo, mwanangu, uende zako. Kwa mita 2 fimbo ya robo ya wimbi ni sentimita 50 kasoro kidogo. Unatoboa tundu moja katikati ya paa, unapitisha waya, kazi imekwisha. Tena paa lenyewe hufanya nusu ya kazi, maana umeme unaopanda katika fimbo hupata mfano wake katika bati lililo chini, na mfano huo husukuma upande ule ule, vikasaidiana. Tawi likiipiga huinama ikarudi. Upepo hauikamati. Theluji ya huko Ohio haipati mahali pa kukaa. Na kila ripita utakayoikuta njiani, ule mtambo uwekwao juu ya mnara kupokea sauti ya mnyonge na kuirusha upya kwa nguvu, imesimamishiwa antena za wima kwa ajili ya watu wa magari kama wewe. Unatafuta nini tena?

MWINDAJI: Yote uliyosema ni kweli, Mzee, na kweli hiyo haimfai aliyeuliza. Yeye hakutaka ripita. Ametaka watu wa SSB, na hao, walio umbali wa maili 100 na zaidi, wameweka juu ya minara yao antena ndefu za Yagi zenye vijiti vilivyolala. Nenda kasikilize megahezi 144.2, pale ambapo Wamarekani wote hukutana kwa kuitana; hutamkuta hata mmoja katika kumi aliyesimamisha vijiti vyake. Mtu akija na fimbo ya wima kati ya watu hao, nusu ya mazungumzo imekwisha kabla hajafungua kinywa.

MWENYE GARI: Kulala na kusimama kuna tofauti kubwa namna hiyo? Wimbi si wimbi?

MHANDISI: Wimbi lina msukumo wa umeme ndani yake, bwana, na msukumo huo una upande wake: ama wa juu na chini, ama wa kushoto na kulia. Fimbo iliyosimama huzaa msukumo wa juu na chini, na kijiti kilicholala huzaa wa kushoto na kulia. Sasa wimbi likifika penye antena ya kupokea, umeme uliomo katika chuma hauna njia ya kupita illa urefu wa chuma chenyewe. Basi msukumo ukiwa unakikatiza chuma badala ya kukifuata, hakuna kinachotembea. Kwa hesabu ya kitabu hasara hiyo haina mwisho. Katika dunia yenye minara, nyaya na miti, sisi hukadiria desibeli 20, na maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za nguvu, 99 zimepotea. Mtambo wako wa wati 100 husikika kule kana kwamba ni wa wati 1.

FUNDI: Kitabu kiliandikwa mahali pa tambarare. Mimi nimeona magari yakisemezana nyuma ya majengo na chini ya madaraja, na wimbi lililokwisha kugonga ukuta mara tatu halikumbuki tena kama lilizaliwa limelala au limesimama.

MHANDISI: Hapo una hujja, nami siikatai. Wimbi likigonga jengo au kilima hupindishwa, na kadiri lilivyopindishwa ndivyo hasara inavyopungua. Lakini watu wa Mwindaji hawakai nyuma ya majengo, wao hutafuta wimbi lisafirilo juu ya mashamba ya mahindi usiku ambapo hewa imetulia, na wimbi la namna hiyo hufika likiwa lile lile lililotoka. Ukitaka nikupe zaidi, Mzee, nitakupa: katika mita 6 mambo hugeuka. Kuanzia Mei hadi Julai au Agosti hutokea katika anga, kiasi cha kilomita 100 juu yetu, mawingu ya umeme yasiyoonekana kwa macho, nayo huyarudisha ardhini mawimbi ya megahezi 50 umbali wa maili 1,000 au hata zaidi. Na wimbi likishapita huko hurudi limezungushwa vibaya, haijulikani limelala au limeinama. Katika siku hizo mwenye fimbo na mwenye pete wako karibu sawa.

FUNDI: Andikeni hilo.

Nimeliandika, na kwa kuwa kalamu iko mkononi sina budi kuongeza jambo ambalo wanne hawa walilipita kwa haraka, maana desturi ya kulaza au kusimamisha mawimbi si amri ya maumbile bali ni mapatano ya watu, na mapatano yana tarehe zake. Televisheni ya BBC ilipofunguliwa katika Alexandra Palace, London, mwezi wa Novemba 1936, mawimbi yake yalirushwa yamesimama. Wamarekani walipoanza televisheni yao waliyalaza, na ndiyo sababu ya vijiti vya antena za darini kulala katika picha zote za miji yao. Mwaka 1955 BBC ilipoanzisha matangazo ya FM kutoka Wrotham, katika wilaya ya Kent, nayo iliyalaza, ikimfikiria msikilizaji aliyekaa nyumbani kwake na antena juu ya dari. Lakini miaka ilipopita, msikilizaji yule akahamia katika gari lenye fimbo na katika redio ya mkononi yenye fimbo, na BBC ikalazimika kuibadili mitambo yake irushe yote mawili, yaliyolala pamoja na yaliyosimama. Fundi aliposomewa habari hii alipiga goti lake kwa furaha.

FUNDI: Unaona? Hata BBC, na ukubwa wake wote, iliisalimu amri fimbo ya gari.

MWINDAJI: Iliisalimu kwa sababu ina kilowati nyingi na fedha ya kujenga mitambo mipya. Mtu wa ridhaa aliyeko Michigan, mwenye mnara mmoja nyuma ya nyumba na antena aliyoipandisha kwa kamba na marafiki wawili, hatapanda tena kuweka nyingine kwa ajili ya gari lako. Wewe ndiwe unayemwendea, basi wewe ndiwe wa kuvaa nguo ya nyumba yake. Tena usidhani kwamba pete ni uzushi wa vijana. Miaka ya 1950 watu walipokuwa wakisema kwa AM na masanduku ya Gonset Communicator, yale yaliyopendwa hata na watu wa ulinzi wa raia, pete zilikuwa jambo la kila siku juu ya magari ya Marekani, za mita 2 na za mita 6. Fimbo ndiyo iliyokuja baadaye, miaka ya 1970, FM na ripita zilipotapakaa kila mji.

MWENYE GARI: Na wale wa mwanzo kwa nini walichagua kulaza?

MHANDISI: Sababu ziko kadhaa, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mlingoti wa chuma uliosimama hauvisumbui vijiti vilivyolala, ilhali huvisumbua sana vilivyosimama sambamba nao. Kelele za plagi za injini, ambazo zamani zilikuwa balaa kubwa, zilikuwa na tabia ya kusimama kuliko kulala. Na msitu wenye vigogo vilivyosimama hulinyonya wimbi la wima kuliko lililolala. Leo kelele za magari hutoka katika kompyuta na chaja na kila upande, kwa hiyo mimi siihesabu tena sababu ile ya plagi. Lakini desturi ikishakaa, bwana, huwa ni sababu yenyewe.

MWENYE GARI: Haya, nimekubali kulala. Sasa kwa nini pete? Nisiweke kijiti kimoja cha mita 1, nusu ya wimbi kamili, kimelala kukingama gari?

MWINDAJI: Kwa sababu barabara ina kona. Kijiti kilichonyooka husikia vizuri pande mbili na huwa kiziwi penye ncha zake. Ukielekea kaskazini utamsikia mtu wa Indiana aliye magharibi au hutamsikia, kwa kadiri ulivyokilaza. Ukikata kona, hali imegeuka juu chini, na wewe hujui kama ni yeye aliyenyamaza au ni barabara iliyokugeuza. Ukikikunja kijiti kile kile kiwe duara, uziwi wa ncha hutoweka karibu wote.

MHANDISI: Karibu wote, si wote. Duara lake la kusikia lina bapa kidogo upande mmoja, tofauti ambayo dereva hataijua. Nami nataka Mwenye Gari aielewe pete anayoinunua, kwa kuwa watu huinunua kama pambo. Ichukue mkononi uitazame. Fimbo ya aluminiamu yenye jumla ya mita 1 hivi imekunjwa hata ncha zikakaribiana, zikaachwa na mwanya. Upande ulio mkabala na mwanya ndipo inaposhikwa na mlingoti, na hapo hakuna hatari kwa kuwa umeme hapo hauna shinikizo. Pembeni kidogo utaona kijiti chembamba kilichokimbia sambamba na pete kisha kikafungwa kwayo kwa kibano. Hicho ndicho kinachoulinganisha waya wako na pete, na kibano kikisogezwa milimita chache mtambo hutabasamu au hununa. Kisha tazama mwanya. Pale kwenye ncha shinikizo la umeme ni kubwa kuliko mahali pote, na ncha mbili zinazotazamana zimekuwa kapasita, yaani kihifadhi cha umeme. Tone la mvua likikaa baina yake, au barafu ikigandamana, kapasita imebadilika, na pete iliyokuwa imepatanishwa na 144.2 huteremka ikaenda kulala mahali pengine. Kwa hiyo ukinunua, angalia kwanza mwanya: je, ncha zina kofia au kipande cha plastiki kinachozishika zisitetemeke, na je, maji yana njia ya kumwagika?

FUNDI: Na fimbo yangu mvua haiijui.

MHANDISI: Haiijui, Mzee. Tena pete ni nyembamba ya masafa. Haiwezi kuenea toka 144 hadi 148 kama fimbo yako. Ukiipatanisha na chini kwa ajili ya SSB, huko juu kwenye ripita itarudisha mawimbi kinywani mwa mtambo. Msinunue pete mkitaraji kufanya nayo kila kitu.

Hapa naomba ruhusa ya kukatiza kwa ajili ya msomaji aliyeko Mombasa au Dar es Salaam, ambaye huenda akadhani kwamba habari hizi ni za Wamarekani peke yao. Sisi tumo katika eneo la kwanza la mapatano ya kimataifa ya redio, pamoja na Ulaya na Bara Arabu, na kwetu mita 2 ya ridhaa huanzia megahezi 144 ikaishia 146, na mahali pa kuitana kwa SSB ni 144.3. Pete ya Ohio ingefika kwetu bila ya kukatwa hata milimita. Kinachokosekana ni jirani mwenye Yagi iliyolala.

MWENYE GARI: Basi nimeridhika. Nitanunua pete yenye mguu wa sumaku, niibandike juu ya paa, sentimita 20 hivi, isionekane sana.

MHANDISI: Subiri. Hilo ndilo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na baada yake husema pete ni upuuzi.

FUNDI: Na sumaku haitashika. Si umesema gari lako ni pikapu ya Ford F-150 ya miaka hii? Tangu modeli ya 2015 bodi zake ni za aluminiamu. Sumaku itateleza kama kisahani juu ya meza.

MHANDISI: Hata ingeshika. Sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, na yote tuliyosema tangu asubuhi ni dibaji. Mzee ametuambia kwamba fimbo hupata mfano wake katika bati la paa, na mfano husaidia. Kweli. Lakini mfano wa antena iliyolala ni kinyume chake: umeme ukienda kulia juu, mfano huenda kushoto chini. Ukiiweka pete sentimita 20 juu ya bati, pete na mfano wake ziko karibu mahali pamoja, zikisukuma pande mbili zinazopingana, na kuelekea upeo wa macho, huko waliko watu unaowataka, karibu zote mbili zinafutana. Nguvu inayobaki huenda mbinguni. Paa la gari ni rafiki wa fimbo na ni hasimu wa pete.

MWENYE GARI: Dawa yake?

MHANDISI: Kimo. Wimbi la 144.2 lina urefu wa mita 2 na sentimita 8. Nusu yake ni mita 1 na kidogo. Ukiinua pete kiasi hicho juu ya bati, mfano umebaidika vya kutosha kuwa wimbi lake, likishapanda na kulikuta la juu, hulisaidia katika pembe za chini badala ya kulifuta. Paa la gari si bahari ya bati isiyo na mwisho, na chini yake iko ardhi ambayo nayo ina mfano wake, kwa hiyo hesabu haiwi safi kama ninavyoisema. Lakini mwelekeo wake haubadiliki: sentimita 50 ni bora kuliko 20 kwa mbali sana, na mita 1 ni bora kuliko 50, na baada ya hapo faida yazidi polepole. Mtu akiniuliza anunue pete ya kampuni gani, mimi humwuliza mlingoti wake una urefu gani.

MWINDAJI: Mimi nina pete mbili, moja juu ya nyenziwe, mita 1 na zaidi baina yake.

MHANDISI: Nawe umepata kama maradufu ya nguvu kuelekea upeo, desibeli 3 zikipungua kidogo, kwa kuwa pete mbili huibana nguvu isipande juu bure. Kuna na ile iitwayo Gurudumu Kubwa, ambayo michoro yake ilitolewa katika jarida la QST mwaka 1961, yenye majani matatu kama ya klova na upana unaoikaribia mita 1. Ni nzuri, na juu ya kituo kisichotembea ningeichagua. Juu ya gari ni tanga. Kwa mtu anayeanza, pete moja iliyoinuliwa vizuri inashinda mbili zilizofichwa.

Fundi hakusema kitu kwa muda, akawa anazungusha kifuniko cha chupa ya maji mkononi, na nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa akihesabu.

FUNDI: Pikapu ina kimo cha karibu mita 2. Ongeza mita 1. Gari la mita 3 litaingia wapi? Gereji za maghorofa za mjini hazipokei gari lililozidi mita 2 na kidogo. Siku atakaposahau atakwenda kuigongesha pete yake mpya kwenye boriti, na waliomo ndani watadhani gereji inabomoka.

MWENYE GARI: Mimi kazini kwangu huegesha ndani ya gereji hiyo hiyo.

MWINDAJI: Mlingoti wa kukunjika. Wenye pini katikati, unaulaza unapoingia mjini, unausimamisha unapotoka. Wala usiufunge juu ya paa. Ufunge penye kona ya bodi ya nyuma, nyuma ya chumba cha dereva, na paa litakuwa limepungua chini ya pete.

MWENYE GARI: Lakini niambieni ukweli, taabu hii yote ina faida gani kwa mtu aliye barabarani? Si bora kuegesha nyumbani na kujenga mnara?

MWINDAJI: Umejenga mnara nyumbani, umekaa katika mraba mmoja maisha yako yote. Sisi tumeigawa dunia miraba, kila mmoja una digrii 1 ya latitudo na digrii 2 za longitudo, na katika mashindano ya masafa haya, yaitwayo VHF, hesabu ya alama huzidishwa kwa hesabu ya miraba. Mombasa imo katika KI95; Dar es Salaam na Unguja Mjini zimo katika KI93. Sasa tazama bahati yako: mstari wa latitudo ya digrii 40 unapita ndani ya Columbus yenyewe. Upande wa kusini ni EM89, upande wa kaskazini ni EN80. Mtu mwenye mnara hawezi kuuvuka mstari huo. Wewe utauvuka kwa kukata mtaa mmoja, kisha utaita tena, na wale wale waliokwisha kukuandika watakuandika upya kwa furaha kuu, kwa kuwa umewaletea mraba mwingine. Iko miraba ya mashambani isiyo na mtu wa redio hata mmoja. Ukifika huko na pete yako, watu wa majimbo matatu watapangana foleni.

FUNDI: Nimeyaona magari hayo. Yana vyuma hata taa za nyuma hazionekani.

MWINDAJI: Hao ni waliopotea. Mimi nasema pete moja.

Mabishano yalirudi tena katika mita 6, na hapo, kwa insafu, pete haikuwa na mtetezi hodari. Nusu ya wimbi la megahezi 50 ni karibu mita 3, na pete yake, ikiwa haikufupishwa, huwa na upana wa takriban mita 1, chuma kizito cha kuzunguka nacho mjini. Watengenezaji huikunja mraba, au huizungusha mara mbili, au huipa kapasita kubwa mwanyani ili ipungue, na kila wanapoipunguza ukubwa huipunguza pia upana wa masafa na sehemu ya nguvu inayotoka hewani, kwa kuwa hasara ya chuma huongezeka kila mkono wa antena unapopungua. Kuinua kitu hicho nusu ya wimbi, mita 3 juu ya pikapu, haimkiniki. Mwindaji alisema anayo na ameipenda. Alipoulizwa kama imewahi kumpa kitu katika miezi ya kiangazi ambacho fimbo isingempa, alijibu kwamba jioni za kawaida, kwa majirani wa maili 50 na 60 waliolaza vijiti vyao, tofauti yake ni dhahiri, na Mhandisi alimsadiki. Mimi pia namsadiki. Lakini Mwenye Gari hakutaka majirani.

MWENYE GARI: Nimepata rai. Mita 2, pete moja, mlingoti wa kukunjika penye kona ya nyuma. Mita 6, fimbo ya Mzee, ya mita 1 na nusu hivi, nayo hiyo hiyo ikinifaa njiani kwa ripita nitaitumia.

FUNDI: Ya mita 6 kwa ripita za mita 2 ni robo tatu ya wimbi na hupeleka nguvu nyingi juu mno. Itafaa mjini, usiitegemee mbali. Lakini nimefurahi.

MHANDISI: Masharti mawili basi. Waya uwe mfupi, na uwe mnene kidogo; mita 5 tu za waya mwembamba hunyonya kama desibeli 1 katika masafa haya, nayo ni sehemu ya tano ya nguvu yako, umeigawia bure plastiki ya waya. La pili, pete usiipatanishe mezani. Ifunge juu ya mlingoti wake, mlingoti juu ya gari, gari mbali na ukuta, milango imefungwa na watu wamesogea. Ndipo upime mawimbi yanayorudi kwenye 144.2. Yakiwa machache chini ya hapo, pete ni kubwa mno, fungua mwanya kidogo. Yakiwa machache juu ya hapo, ubane. Kila unapogusa, rudi nyuma kabla ya kupima, kwa kuwa mkono wako nao ni kapasita. Na usirushe nguvu mtu akiwa amesimama karibu na ncha.

MWENYE GARI: Waya niuingizeje ndani? Kwenye mlango?

FUNDI: Mlangoni utabanwa na kukatika katika mwezi wa kwanza. Kuna tundu la mpira nyuma ya kiti, nitaupitisha hapo. Lete gari Jumamosi asubuhi na hiyo pini yako ya kukunjia. Mlingoti nitaufunga mimi kwa boliti, maana Mwindaji atauweka upogo. Na tundu la fimbo nitalitoboa siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kumsikiliza yeye habari za pete ya pili.